Utatusubiri Getini: Uchambuzi wa Kisa cha Chama Kimoja cha Nairobi na Matembezi ya Msituni

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Nairobi, katika chama cha kuweka akiba chenye wanachama wapatao arobaini, wengi wao wakazi wa mitaa ya Eastlands, ambao pamoja na kuchanga fedha kila mwezi walikuwa wameanzisha desturi ya kwenda matembezi ya msituni kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mmoja wao, dada mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, anatumia kiti cha magurudumu. Alialikwa kama wenzake, nauli ililipwa kutoka kwenye mfuko ambao naye anauchangia, akafika mpaka mlango wa msitu, na hapo akabaki kwa zaidi ya saa tatu hadi wenzake walipomaliza safari yao na kurudi. Baadaye aliwaandikia viongozi wa chama barua ya malalamiko, nao wakaniomba nikae na pande zote mbili, kwa kuwa kazi yangu ni kusaidia vikundi vya mazoezi na michezo kupokea wanachama wenye ulemavu. Nimeruhusiwa kuandika kwa sharti kwamba watu, chama na msitu visitajwe kwa majina.

Kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu hakuna aliyemtakia dada huyu mabaya. Mratibu wa matembezi ni mzee wa kanisa, mwungwana, mtu anayewapigia simu wanachama wagonjwa kabla hata viongozi hawajapata habari, na kila alilolifanya alilifanya kwa nia ya kumlinda. Pamoja na hayo, dada huyu alifungiwa nje kwa ukamilifu ambao chuki isingeuzidi. Maoni yangu, ambayo nitayatetea hapa, ni kwamba alizuiwa siku mbili kabla ya safari, kwenye simu, pale mtu mwingine alipoamua kwa niaba yake ni hatari ipi anayoweza kuikubali. Mawe, matope na vyuma vya getini vilifuata baadaye, na kila kimoja kilichukuliwa kuwa ushahidi kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Yaliyotokea

Dada huyu alikuwa mwanachama kabla hajaumia. Aliumia uti wa mgongo katika ajali ya barabarani, sehemu ya chini karibu na kiuno, kwa hiyo mikono, mabega na kiwiliwili chake vina nguvu zote, lakini miguu haina nguvu wala hisia, na mkojo huutoa kwa mpira mdogo kwa saa alizojipangia. Kiti chake hukisukuma mwenyewe. Ni kiti cha kawaida cha kukunjwa, chenye magurudumu makubwa mawili nyuma na vigurudumu viwili vidogo vya mpira mgumu mbele. Naomba msomaji aikumbuke picha ya vigurudumu hivyo, maana nitavirudia.

Tangazo la matembezi ya Novemba lilitumwa katika kundi la WhatsApp la chama, likitaja mahali, saa ya kuondoka na maneno ya kuwakaribisha wote. Dada aliandika kwamba atakuja, na hakuna aliyemjibu. Alhamisi jioni mratibu alimpigia simu. Wote wawili walinisimulia mazungumzo hayo kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao yalikaribiana sana.

“Dada yangu, usinielewe vibaya,” mratibu alisema. “Ile njia nimeipita mwenyewe. Ina mawe, ina mto, ina ngazi za magogo. Wewe utatusubiri pale getini, pana kivuli kizuri, na soda yako tutakuachia.”

“Mzee, mbona mmepanga mpaka mkamaliza ndipo mnaniambia?”

“Ni kwa usalama wako, dada. Ukianguka mle ndani, mimi nitamwambia nini mama yako?”

Hakumjibu swali hilo. Jumamosi alfajiri alifika stejini pamoja na mpwa wake, kijana wa sekondari, akiamini kwamba wakishafika huko njia ingepatikana. Makanga wa matatu iliyokodiwa alimwinua bila kumuuliza, akimshika chini ya makwapa, miguu ikigongana na ngazi za gari. Jioni ya siku hiyo, alipokuwa akikagua ngozi yake kama afanyavyo kila siku kabla ya kulala, alikuta kisigino kimechubuka. Kiti kilikunjwa kikawekwa nyuma, na makanga akadai nauli ya kiti hicho kama ya abiria.

Mlangoni mwa msitu wapita kwa miguu walipenyezwa kati ya vyuma viwili vilivyopindwa ili kuzuia pikipiki, nafasi ambayo mtu mnene huipita kwa kugeuka ubavu. Kando yake palikuwa na geti pana la magari, limefungwa kwa kufuli. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alisema kwamba ufunguo anao mkubwa wake na kwamba mkubwa huyo yuko njiani. Kikundi kilikuwa na miadi na mwongozaji wa msituni, hivyo baada ya dakika chache kikaondoka. Mkubwa wa walinzi alifika baada ya muda usiozidi saa moja, akafungua geti bila kuuliza swali lolote. Dada na mpwa wake wakaingia, wakaifuata barabara ya muramu inayotumiwa na magari ya doria, lakini mvua za vuli zilikuwa zimenyesha wiki nzima, na baada ya mita mia kadhaa vigurudumu vya mbele vikazama kwenye udongo laini. Simu za wenzao hazikupatikana. Wakarudi getini.

Wenzao waliporudi, walirudi kwa barabara hiyo hiyo ya muramu. Kilomita mbili za mwisho za njia yao zilikuwa barabara pana, yenye mteremko mdogo, ambayo watu wanne wenye nguvu na kamba moja wangeweza kumpitisha dada huyu hata katika hali ile ya matope. Hakuna aliyekuwa ameliwazia jambo hilo, kwa sababu suala la yeye kuingia lilikuwa limefungwa tangu Alhamisi.

Hoja za mratibu

Katika kikao chetu cha kwanza mratibu alitoa hoja tatu, nami nazichukua kwa uzito kwa sababu ndizo hoja ninazozisikia karibu kila mahali ninapokwenda.

Hoja ya kwanza ilikuwa njia yenyewe. Hapa alisema kweli: vijia vya ndani ya msitu ule, pamoja na kivuko cha mto na ngazi za magogo, havipitiki kwa kiti cha kawaida. Lakini njia ile aliichagua yeye, kwa miguu yake, akiwa anatafuta njia inayowapendeza wanaotembea haraka. Nilipomuuliza kama aliwahi kuitazama barabara ya doria kama njia ya matembezi, alifikiri kwa muda, kisha akasema kwamba barabara ile kwake ilikuwa njia ya kurudia nyumbani tu. Kwa hiyo kauli kwamba msitu haupitiki ilikuwa kweli kuhusu njia moja, nayo ikatumika kuufunga msitu wote.

Hoja ya pili ilikuwa afya. Mratibu alikuwa amesikia, na alisikia sawasawa, kwamba watu walioumia uti wa mgongo wanaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla na kwamba miili yao inashindwa kujipoza kwenye jua kali. Hatari hizo ni za kweli, na hasa huwapata walioumia juu, kuanzia takribani pingili ya sita ya uti wa mgongo sehemu ya kifua kwenda shingoni. Dada huyu ameumia chini kabisa ya hapo. Hatari yake kubwa ni nyingine: vidonda vya mgandamizo, vinavyotokea pale ngozi isiyo na hisia inapokaliwa muda mrefu bila kupumzishwa, na ndiyo maana watu kama yeye hufundishwa kujiinua kwa mikono au kuegemea upande mara kwa mara, kila nusu saa au mapema zaidi. Hatari nyingine ni ya kuchubuka au kuungua miguuni bila kujua. Tukiitazama siku ile kwa macho hayo, tunakuta kwamba jeraha pekee alilopata alilipata katika kusaidiwa kupanda gari, na kwamba kukalia kiti kimoja getini kwa saa tatu, pasipo choo anachoweza kukiingia, kulikuwa na hatari yake halisi. Choo kilichokuwa karibu na geti kilikuwa na ngazi mbili na mlango mwembamba kuliko kiti chake. Aliacha kunywa maji tangu asubuhi ili asikihitaji, jambo ambalo kwa mtu anayetumia mpira wa mkojo linaongeza uwezekano wa maambukizi. Mahali palipoitwa salama palichaguliwa na mtu asiyejua ni kitu gani kinachomdhuru anayelindwa. Dada mwenyewe alilisema hilo kikaoni kwa ufupi kuliko mimi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hoja ya tatu ilikuwa lawama, na naamini hii ndiyo iliyokuwa nzito moyoni mwa mratibu. Kama jambo lingetokea, watu wangemuuliza yeye. Hofu hii siidharau. Anayeongoza watu arobaini msituni ana dhamana, na anastahili kujua ni nani amekubali nini. Lakini mwanachama mwenye shinikizo la damu na mwanachama mwenye mimba ya miezi mitano walikwenda matembezi yale yale baada ya kuulizwa swali moja tu, kama wanajisikia vizuri, na majibu yao yalitosha. Dada huyu hakuulizwa. Aliarifiwa. Mtu mzima anayelipa michango yake, anayeendesha biashara ya ushonaji na kulea mtoto, alirudishwa kwenye hadhi ya mtoto ambaye habari zake hupelekwa kwa mama yake, na yeye aliniambia kwamba sentensi ile juu ya mama yake ilimuumiza kuliko vyuma vya getini.

Kuhusu sheria nitapita haraka, kwa kuwa chama hiki hakikuhitaji kutishwa na mahakama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuweza kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kiwango kinachofaa. Kifungu cha 27 kinaikataza serikali kubagua kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwa mmojawapo, kisha kinaweka katazo hilo hilo juu ya mtu yeyote, abague moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Viongozi wa chama walidhani mambo haya ni ya serikali peke yake, na walishtuka kusikia kwamba hata wao wamo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo mwaka 2025 ilirithiwa na sheria mpya, ilikuwa tayari imetamka katika kifungu cha 28 kwamba watu wenye ulemavu watumie bila malipo viwanja na sehemu za burudani za serikali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unazungumzia michezo na burudani katika kifungu cha 30. Karatasi zipo. Katika kisa hiki upungufu ulikuwa katika mpango wa Jumamosi moja.

Kile ambacho barabara inadai

Baada ya kikao tulikwenda msituni watu wanne, dada huyu akiwa mmoja wetu, kuikagua barabara ya doria. Nalieleza zoezi hili kwa urefu kwa sababu vikundi vingi hukata shauri kwa kusema tu kwamba njia ni mbaya, ilhali ubaya wa njia una sehemu zake na kila sehemu ina dawa yake au haina.

Upana ndio jambo jepesi. Kiti chake kina upana wa sentimita sitini na kitu, na nafasi ya sentimita 90 inatosha pamoja na mikono inayosukuma. Mwinuko ni mgumu zaidi. Katika majengo kipimo kinachokubalika cha njia ya mteremko ni 1:12, yaani kupanda sentimita moja kwa kila sentimita kumi na mbili za kwenda mbele, na barabara ya doria ilikuwa ndani ya kiwango hicho isipokuwa kilima kimoja karibu na geti. Lakini jambo ambalo watembea kwa miguu hawalioni kabisa ni mwinamo wa pembeni. Barabara za muramu hulazwa zikiinamia kando ili maji yatiririke, na kiti huvutwa kuelekea upande wa chini wakati wote, hivyo mkono mmoja husukuma peke yake huku mwingine ukizuia. Dada alituonyesha: katika sehemu moja iliyoonekana tambarare kwetu sote, bega lake la kulia lilichoka kabla ya kufika kwenye mti aliokuwa ameulenga. Dawa ilikuwa kupita katikati ya barabara, palipo juu, na kumwomba mlinzi atuarifu saa ambazo magari ya doria hayapiti.

Kisha kuna udongo. Vigurudumu vidogo vya mbele vikikuta udongo laini au jiwe la ukubwa wa ngumi husimama, na mwenye kiti hutupwa mbele. Anayejua kiti chake huweza kukigeuza na kuvutwa kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia, na kwa sehemu fupi njia hiyo inafaa. Kwa masafa marefu inafaa kuviinua kabisa vigurudumu hivyo visiguse ardhi, kwa kuweka gurudumu moja kubwa mbele ya kiti. Vifaa vya namna hiyo huuzwa ng’ambo kwa bei ambayo hakuna mwanachama angeiweza. Fundi mmoja wa jua kali wa Kamukunji aliunda kimoja kwa gurudumu la baiskeli ya mtoto na bomba la chuma, baada ya dada kukaa naye karakanani na kumweleza. Fundi alitaka kukifunga kwenye vikanyagio vya kiti, pale miguu inapowekwa. Dada alikataa, akamwonyesha kwamba katika kiti cha kukunjwa vikanyagio viko viwili, vimetengana, na vinachomolewa, kwa hiyo vingepinda kwenye shimo la kwanza. Kifungwe kwenye fremu yenyewe, kwa nondo inayounganisha pande mbili. Ushauri huo ungeweza kutoka kwa mtu mmoja tu katika karakana ile.

Tulikubaliana pia kuhusu msaada, na hapa nilitumia mfano wa riadha. Katika mbio za wasioona kabisa, mkimbiaji na kiongozi wake huunganishwa na kamba fupi. Kanuni zinamkataza kiongozi kumvuta mkimbiaji, na mkimbiaji ndiye anayepaswa kuvuka mstari wa mwisho kwanza. Henry Wanyoike, mzaliwa wa Kikuyu hapo jirani na Nairobi, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, alishinda dhahabu ya mita 5,000 huko Sydney mwaka 2000 katika mbio ambazo kiongozi wake aliishiwa na nguvu na Wanyoike ndiye aliyemkokota mpaka mwisho. Mwaka 2004 huko Athens akashinda mita 5,000 na mita 10,000. Wakenya wengi wanaikumbuka hadithi hiyo kwa fahari. Ninachokitaka ndani yake ni ile kamba: kasi inaamuliwa na mkimbiaji, kiongozi anatoa taarifa. Chama kiliandika kanuni zake kwa mfano huo. Hakuna anayegusa kiti kabla ya kuulizwa. Kamba ya kuvutia inakuwepo, na mwenye kiti ndiye anayesema ifungwe lini na ifunguliwe lini. Akisema turudi, tunarudi, na akisema tuendelee, hakuna anayemhurumia kwa sauti.

Wengine waliokuwa kimya

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu, na kwa hesabu hiyo chama cha watu arobaini kingetarajiwa kuwa na mtu mmoja hivi. Shirika la Afya Duniani, linalotumia vipimo vipana zaidi, linakadiria mtu mmoja kati ya kila sita duniani. Niliwaeleza viongozi kwamba hesabu hizi mbili haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, lakini zinatosha kutufanya tuulize. Walipouliza, mwanachama mmoja mwenye uoni hafifu alisema kwamba hajawahi kuja matembezini kwa sababu anaogopa mizizi na mashimo penye kivuli, na mama mmoja wa makamo alisema kwamba magoti yake hayashuki ngazi za magogo. Wote wawili walikuwa wakitoa udhuru wa kazi kila mwezi. Nilisikitika kusikia hivyo, ingawa sikushangaa: mtu akishaona jinsi mwenzake alivyopangiwa mahali pa kusubiri, hujipangia mwenyewe kubaki nyumbani.

Misitu ya jiji hili ilipatikana kwa gharama. Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwishoni mwa miaka ya 1990 wakiutetea Msitu wa Karura usigawiwe wajenzi, na leo hekta zake zipatazo 1,041 zinatumiwa na wakimbiaji, waendesha baiskeli na familia. Nautaja Karura kwa historia yake tu. Kisa hiki sikihusishi nao. Lakini kila ninapoliona geti lenye vyuma vya kuzuia pikipiki ambavyo vinamzuia pia mwenye kiti, huona kwamba mali ambayo watu waliipigania kwa jina la umma inagawanywa tena, safari hii kwa upana wa mlango.

Matembezi ya pili na yaliyobaki

Matembezi ya pili yalifanyika Januari, wakati wa kiangazi, kwa njia mbili zenye mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Wanaopenda vijia walipita mtoni. Wengine kumi na watatu, akiwemo dada huyu, mwenye uoni hafifu na mama wa magoti, walipita barabara ya doria kwa kilomita tano. Mlinzi alipigiwa simu siku iliyotangulia na geti la magari likawa wazi. Mambo hayakwenda yote sawa. Nati ya gurudumu jipya ilifunguka njiani, na hakuna aliyekuwa amebeba spana, hivyo safari ilisimama mpaka askari wa msitu alipoleta yake. Kwenye kile kilima cha mwisho dada aliomba kamba, akavutwa na wanachama wawili, na aliporudi alisema mabega yanamuuma kuliko alivyotarajia na kwamba mara nyingine angependa kilomita nne. Alikataa kupigwa picha peke yake na kiti chake, ombi ambalo lilitolewa na watu watatu tofauti kwa nia njema.

Suala la usafiri halijamalizika. Kwa kuwa matatu iliyokodiwa haina namna ya kumpandisha bila kubebwa, chama kilimkodia teksi, na baadhi ya wanachama walilalamika kwamba mtu mmoja anatumia fedha za watu sita. Mweka hazina alipendekeza alipe nusu mwenyewe. Nilipinga pendekezo hilo kikaoni na nalipinga hapa. Mfuko wa pamoja unalipa ili wanachama wafike mlangoni mwa msitu. Gari lililochaguliwa linawafaa thelathini na tisa na halimfai mmoja, na tofauti ya bei inatokana na uchaguzi wa gari. Kama matatu ingekuwa na ngazi ya kushusha na nafasi ya kufungia kiti, gharama hiyo isingekuwepo kabisa, na sheria ya 2003 ilikuwa imewataka wenye magari ya abiria wayarekebishe muda mrefu uliopita. Mpaka marekebisho hayo yaonekane barabarani, gharama ya ucheleweshaji huo haipaswi kuangukia mfuko wa anayetumia kiti. Wanachama wengi walikubali kwa mwaka mmoja, kisha watapiga kura upya. Wawili walibaki na msimamo wao, nami nauheshimu uwazi wao kuliko kimya cha kundi la WhatsApp la Novemba.

Mratibu bado ni mratibu, kwa matakwa ya dada huyu mwenyewe, ambaye sasa yumo katika kamati ya njia na hukagua njia kabla tangazo halijatumwa. Barua imepelekwa kwa wasimamizi wa msitu ikiomba ufunguo wa geti la magari uwe na mlinzi wa zamu saa zote za kufunguliwa, ngazi za choo ziwekewe mteremko na mlango wake upanuliwe, na bango la getini lieleze urefu, mwinuko na aina ya udongo wa kila njia, ili kila anayefika aweze kujiamulia mwenyewe.